Mwalimu wa Dunda Mjini Berlin

Watu wa pwani wamezoea kumwona mwalimu mgeni akishuka. Ameshuka padri na alfabeti yake, ameshuka Mwingereza na kamusi yake, na baada ya uhuru wameshuka vijana wa kujitolea na masanduku ya vitabu vya hadithi. Picha hiyo imekaa vichwani hata ikaonekana kana kwamba ndiyo kanuni ya dunia: mwalimu wa lugha hutoka Ulaya, na mwanafunzi humngoja bandarini. Safari ya upande wa pili imehadithiwa kwa uchache. Zaidi ya karne moja iliyopita walikuwapo Waswahili waliopanda meli wakaenda kukaa katika nchi ya baridi, nao hawakwenda kama watumishi wala mabaharia wala watu wa kutazamwa katika maonyesho. Walikwenda kama walimu wenye mikataba, na kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya Wazungu na kuwasahihisha.

Mahali penyewe ni Taasisi ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mjini Berlin mwaka 1887 pamoja na chuo kikuu cha mji huo, chini ya mkuu wake Eduard Sachau. Ujerumani ilikuwa imeanza kujitafutia makoloni, na taifa linalotaka kutawala ng'ambo huhitaji watu wanaoweza kuagiza, kuuliza na kusoma barua. Kichina, Kijapani, Kituruki, Kiarabu na lugha nyingine zilifundishwa hapo, na Kiswahili kikapata nafasi yake. Utaratibu ulikuwa wa watu wawili. Mwalimu wa Kijerumani alieleza sarufi. Kwa Kiswahili huyo alikuwa kwanza C. G. Büttner, aliyepata kuwa mmisionari kusini-magharibi mwa Afrika, na baadaye Carl Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali ya koloni. Pembeni yake alikaa mwenye lugha, aliyeitwa kwa Kijerumani Lektor. Huyo alisoma kwa sauti, wanafunzi wakafuatisha. Alizungumza nao ili masikio yao yazoee. Alisikiliza makosa yao na kuyatengeneza. Sarufi ilikuwa ya Mjerumani, ulimi ulikuwa wa Mswahili.

Wa kwanza kukaa katika kiti hicho alikuwa Sulaiman bin Said, kuanzia 1889 hadi 1891. Akamfuata Amur bin Nasur, kutoka Unguja, aliyekaa hadi 1895. Büttner aliyaingiza maandishi ya wawili hao katika mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili uliochapwa 1894, na msomaji wa visiwani anayekipata kitabu hicho leo hukutana na jambo adimu: Ulaya iliyotazamwa na kuelezwa kwa Kiswahili fasaha na mtu aliyekwenda huko kufundisha. Mapema zaidi, mwaka 1892, Büttner alikuwa amechapa mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ili wanafunzi wake wajifunze kuzisoma barua za pwani zilivyo, pamoja na salamu zake ndefu. Yafaa kulikumbuka hilo katika zama hizi ambapo Mswahili mwenyewe, akipewa barua ya babu yake, aghalabu hutafuta mtu wa kumsomea.

Lakini aliyeacha alama kubwa kuliko wote alikuja baadaye. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa kiasi cha mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo, katika ukoo wenye asili ya Kizaramo. Alisoma chuoni, akaendelea na elimu ya dini Bagamoyo, akapata kuwa mkusanya kodi ya nyumba chini ya Wajerumani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa Lektor pamoja na Velten. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kidogo, mwenye elimu yake na hadhi yake, si kijana wa kutumwa dukani.

Maisha ya mwalimu ugenini ni mambo madogo madogo, na mengi katika hayo hayaandikwi. Mji wenyewe lakini hausemi uongo juu ya hali yake ya hewa. Mwezi wa Desemba jua la Berlin huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Katika miaka aliyofundisha Mtoro, mwezi wa Ramadhani uliangukia baina ya Novemba na Januari. Kwa hiyo mwenye kufunga huko alikuwa na mchana mfupi mno kuliko wa Bagamoyo, lakini ulikuwa mchana usio na joto, na futari isiyo na jirani wa kuletewa sahani. Hapakuwa na adhana. Hapakuwa na kibarazani pa kukaa baada ya tarawehe. Palikuwapo darasa, na mshahara usiolingana na wa profesa, na njiani watu waliogeuka kutazama. Mtu aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za safari kabla hajaulizwa shida yake, alikaa sasa katika mji ambamo salamu ni neno moja na kofia iliyonyanyuliwa kidogo.

Na wanafunzi wake walikuwa nani? Maofisa wa jeshi, makarani wa serikali, wamisionari, wafanyabiashara. Watu ambao baada ya mwaka mmoja au miwili wangeshuka Tanga au Dar es Salaam na kuitwa Bwana Mkubwa. Serikali ya koloni ilikuwa imekichagua Kiswahili kiwe lugha ya kazi zake, na kwa sababu hiyo maneno yaliyotamkwa katika chumba kile hayakubaki pwani. Yalipanda bara pamoja na afisa, yakafika Bukoba, yakafika vilima vya Karagwe na vijiji vyake kama Kibingo, ambako watu nyumbani husema Kinyambo na neno la serikali liliwafikia kwa lugha ya pwani. Husemwa kwamba Kiswahili kilienea bara kwa misafara, kwa dini na kwa biashara, na ni kweli. Njia moja fupi zaidi, isiyotajwa sana, ilianzia katika darasa la Berlin. Aliyejifunza kuhesabu hapo kwa ulimi wa mwalimu Mswahili aliweza siku moja kuagiza hamsa wa ishirini, na kiboko kikafuata hesabu.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa kiti kile. Darasani, kwa muda wa saa moja, mambo yalipinduliwa: anayejua alikuwa mweusi, asiyejua alikuwa mweupe. Nje ya mlango yalirudi yalivyokuwa. Wanafunzi wengine waliweza kuvumilia kupinduliwa huko kwa ajili ya mtihani, wengine hawakuweza. Ili kuelewa jambo hilo lilikuwa na maana gani kwa Mtoro, ni lazima kukifungua kitabu chake.

Desturi za Wasuaheli kilichapwa Göttingen mwaka 1903, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Miaka miwili kabla ya hapo, katika Safari za Wasuaheli, Velten alikuwa amekwisha kuchapa masimulizi ya Mtoro juu ya safari yake ya Udoe na Uzigua. Lakini Desturi ni kazi ya namna nyingine. Humo mtu huzaliwa, hupewa jina, hupelekwa chuoni, hutiwa jandoni, huoa, hulima, hukopa, husafiri na msafara, huugua na kupungwa pepo, hufa na kuzikwa. Zimo nguo na salamu, ngoma na nyimbo zake, watumwa na mabwana zao, na mwisho hukumu za sheria. Waliochangia walikuwa zaidi ya mmoja, ila sehemu iliyo kubwa ni ya Mtoro. Jina kwenye jalada lilikuwa la Velten. Ni kweli kwamba hakuwaficha waandishi. Kazi ya kukusanya, kupanga na kutafsiri ilikuwa yake, na bila yeye pengine pasingekuwa na kitabu. Lakini kukusanya si kutunga. Aliyeokota lulu na aliyeitoboa na kuivaa si mtu mmoja, na kwa muda wa karibu miaka 80 maktaba za dunia ziliandika jina la mvaaji.

Wapenzi wa ushairi hukipita kitabu hiki upesi, wakikidhani ni cha wataalamu wa mila. Wanapoteza. Nathari yake ni ya mtu aliyelelewa na masikio: sentensi fupi, kitenzi kikivuta kitenzi, neno la Kiarabu likikaa pale tu panapolitaka. Hakimbilii kueleza kwa nini watu hufanya wanavyofanya. Husema wanavyofanya, hatua kwa hatua, mpaka msomaji anasikia vyombo vikiwekwa. Ni namna ya kueleza ambayo mwalimu wa lugha huipata kazini, kwa kuwa kila siku huulizwa jambo ambalo nyumbani hakuna aulizaye. Mtu akiulizwa na mgeni maana ya kupiga hodi, hulazimika kuitazama hodi kwa mara ya kwanza.

Na ndani ya kitabu hicho imo sura ya chuo. Mtoto hupelekwa kwa mwalimu, mwalimu hupewa ada yake kila mtoto anapovuka hatua ya masomo, na nafasi ya mwalimu katika maisha ya mtoto iko karibu na ya mzazi. Aliyeandika hayo alikuwa wakati huo huo akifundisha vijana ambao, baadhi yao, hawakumwona kuwa ni mwalimu hata kidogo. Kwao alikuwa kifaa cha matamshi. Palitokea mzozo. Mtoro alidai heshima inayomstahiki mwalimu, na hakukubali kuendelea kama kwamba hakuvunjiwa. Mwaka 1905 kazi yake katika taasisi ikaisha. Wako wanaoweza kuona kwamba alikuwa mgumu mno, kwamba mtu mwenye riziki ugenini angeinamisha kichwa. Wanasahau alikotoka. Katika mji wa Bagamoyo mwalimu asiyeheshimiwa na wanafunzi wake hana chuo. Kilichobaki ni kelele za watoto.

Pengine mzozo huo usingefika mbali lau lisingalikuwapo jambo la pili. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Ndoa hiyo ilifungwa Berlin kwa mujibu wa sheria, na hakuna sheria ya Ujerumani yenyewe iliyoikataza.

Hapa inafaa kugeuza macho kidogo kuelekea Japani, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo palikuwa na mwalimu mwingine mgeni aliyeoa alikofundisha. Lafcadio Hearn, mtu wa baba Mwairishi na mama Mgiriki, alifika Japani mwaka 1890 akafundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Matsue. Alimwoa Koizumi Setsu. Mwaka 1896 akawa raia wa Japani kwa jina la ukoo wa mkewe, Koizumi Yakumo, na mwaka huo huo akaanza kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Tokyo. Naye pia aliandika juu ya desturi: mizimu, makaburi, wadudu, bustani, vitabu vyake vikatoka kwa jina lake mwenyewe. Alipoondolewa kazini mwaka 1903, wanafunzi wake walilalamika kwa kumtetea. Alifariki Tokyo mwaka 1904, mwaka ule ule Mtoro alipooa.

Uzi unaowaunganisha ni mwembamba lakini upo. Mkuu wa kitivo aliyehusika na kuondolewa kwa Hearn alikuwa Inoue Tetsujirō, mwanafalsafa. Inoue huyo, alipokuwa kijana Ujerumani, alikuwa mwalimu wa Kijapani katika taasisi ile ile ya Berlin tangu ilipofunguliwa. Mwaka 1890 alirudi kwao akapewa uprofesa, na mwisho akawa na uwezo wa kuwaajiri na kuwaachisha walimu wa Kizungu. Alifanya Berlin kazi ya jamii moja na ya Sulaiman, Amur na Mtoro. Tofauti haikuwa ya akili wala ya ufasaha. Nyuma ya Inoue palikuwa na dola iliyotaka kujua yale aliyokwenda kuyatafuta. Nyuma ya Mtoro palikuwa na koloni, na koloni lilikuwa mali ya wanafunzi wake.

Hilo lilidhihirika mwaka 1905, Mtoro alipoamua kurudi na mkewe. Ilikuwa safari ya kwenda nyumbani: mtu wa Dunda anarudi pwani kwake. Serikali ya koloni, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, haikukubali. Mwanamke Mjerumani akishuka akiwa mke wa Mwafrika, akakaa katika nyumba ya mumewe, akaonekana sokoni pamoja naye, nini kitabaki cha ile tofauti ambayo utawala mzima ulijengwa juu yake? Ndivyo walivyoona. Mwaka ule ule vita vya Majimaji vilianza kusini, na Wazungu wa koloni walikuwa na hofu ya kila kitu. Ndoa iliyokuwa halali Berlin haikuruhusiwa kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Mwaka uliofuata serikali ya koloni ikaamuru ndoa za namna hiyo zisifungwe tena katika nchi hiyo.

Msomaji wa Unguja atakumbuka hadithi nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Sayyida Salme binti Said aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na Heinrich Ruete, akaitwa Emily, akawa mjane Ujerumani mwaka 1870 akiwa na watoto watatu. Naye pia alipata kufundisha Kiarabu ili aongeze riziki. Aliporudi Unguja mwaka 1885 na tena 1888, ndugu zake hawakumpokea. Hadithi hizo mbili husomwa mbalimbali, moja ya binti wa mfalme na moja ya karani wa kodi, lakini zikiwekwa pamoja zinasomeka kama barua mbili za mkono mmoja. Salme alifungiwa mlango na watu wake kwa ajili ya ndoa na Mjerumani. Mtoro alifungiwa na Wajerumani mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Haikujulikana tena kwamba alipata kuishi pwani. Kuanzia 1909 hadi 1913 alifundisha Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni, pamoja na Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu. Kiti kilikuwa kile kile: mwenye sarufi mbele, mwenye ulimi kando. Baada ya hapo alizunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Ni picha ya ajabu kuifikiri: vita vikubwa vimekuja na kupita, koloni limechukuliwa na Waingereza, na katika ukumbi wa mji fulani mdogo mzee wa Bagamoyo anaeleza habari za nchi ambayo wasikilizaji wake wameipoteza, naye aliipoteza kabla yao, kwa amri yao. Bertha alikuwa mkewe hadi mwisho. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Kitabu chake kilingoja zaidi. Sehemu zake ziliingia katika mkusanyo wa nathari ya Kiswahili wa Lyndon Harries mwaka 1965. Mwaka 1981 ilitoka California tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, aliyetumia miaka mingi kuitafuta na kuihifadhi miswada ya pwani, na safari hiyo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa kwenye ukurasa wa mbele, pamoja na Waswahili wengine waliochangia. Mwaka 2009 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakachapa kitabu cha Ludger Wimmelbücker juu ya maisha ya Mtoro. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Desturi zenyewe, kwa Kiswahili chake, bado mtoto wa shule wa Bagamoyo hakuwekewa mkononi.

Na kiti cha Berlin hakikukaa kitupu. Mwaka 1931 alikikalia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwana wa askari wa Kisudani, ambaye utotoni alikuwa katika jeshi la Lettow-Vorbeck na mwaka 1929 alikwenda Ujerumani kudai malipo ya vita ambayo hakulipwa. Mchana alifundisha matamshi. Usiku alihudumu mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland. Januari 27, 1933 alimwoa Maria Schwandner, siku tatu kabla ya Hitler kushika serikali. Mtoro alikuwa amenyimwa nchi yake kwa ajili ya mke. Husen, alipohusishwa mwaka 1941 na mwanamke wa Kijerumani, alitiwa kambi ya Sachsenhausen bila hukumu. Mwaka huo huo watu walimwona katika majumba ya sinema, kwa kuwa alikuwa ameigiza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule yule ambaye watu wa bara walimpa jina la Mkono wa Damu. Alifia kambini Novemba 24, 1944. Tangu 2007 jina lake limo katika kijiwe cha shaba kilichofukiwa njiani, mtaa wa Brunnenstraße, ambako wapitao huinama kidogo kulisoma.